Habari Isiyo na Mwenyewe: Mitandao ya Kijamii Katika Kisiwa cha Songo Songo

Mitandao ya kijamii, yaani majukwaa ya intaneti ambayo mtumiaji wake si msomaji tu bali pia ni mwandishi, mpiga picha na msambazaji wa habari, imezungumzwa nchini Tanzania kwa namna mbili zinazopingana: wapo wanaoisifu kana kwamba imeleta neema tupu, na wapo wanaoilaani kana kwamba maadili yalikuwa salama kabla haijafika. Mjadala huo kwa kawaida huendeshwa Dar es Salaam na Dodoma, na mifano yake huchukuliwa kutoka maisha ya mjini. Makala haya yanalitazama suala hilo kutoka Songo Songo, kisiwa kidogo cha Wilaya ya Kilwa, mkoani Lindi, kilichoko takriban kilometa 15 kutoka bara, kwa sababu mahali padogo pana faida moja kwa mchunguzi: njia iliyopitiwa na habari huweza kufuatiliwa kutoka mdomo wa kwanza hadi wa mwisho. Kumbukumbu za maisha ya pwani hiyo zinaonyesha kwamba mema na mabaya ya mitandao hayagawanyiki kwa jina la mtandao wala kwa umri wa mtumiaji. Yanagawanyika kwa kutegemea kama habari iliyofika ina mwenyewe, yaani mtu au taasisi inayojulikana na inayoweza kuulizwa, au haina.

Songo Songo hutajwa katika vitabu vya jiografia na katika hotuba za bajeti kwa sababu ya gesi asilia, ambayo iligunduliwa kisiwani hapo mwaka 1974 na kuanza kutumika kibiashara mwaka 2004, ilipofika Ubungo, Dar es Salaam, kwa bomba lenye urefu wa zaidi ya kilometa 200 na kuanza kuendesha mitambo ya umeme. Mwezi Februari wa mwaka huohuo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani walianzisha Facebook. Na tarehe 26 Desemba, mwaka ukiwa unakwisha, mawimbi ya tsunami yaliyoanzia karibu na Sumatra yalivuka Bahari ya Hindi kwa saa kadhaa hadi yakafika pwani ya Tanzania, ambako watu kadhaa walipoteza maisha. Tangu tetemeko lilipotokea hadi maji yalipofika huku, muda wa kuwaonya watu ulikuwepo. Kilichokosekana ni njia ya kuwafikishia onyo wavuvi waliokuwa baharini na watu waliokuwa ufukweni. Yeyote anayetaka kupima faida ya mawasiliano ya haraka hana budi kuanza na saa zile zilizopita bure.

Kabla minara ya simu haijaenea katika pwani ya Kilwa, habari ilifika kisiwani kwa njia chache: redio ya betri iliyofunguliwa saa ya taarifa ya habari, tangazo la msikitini baada ya swala, na nahodha wa mashua aliyetoka Kilwa Kivinje, Kilwa Masoko au Somanga. Mwandishi wa makala haya anaikumbuka vyema desturi ya diko, yaani mahali vyombo vinapofikia na samaki wanapopokelewa na kuuzwa. Nahodha alikuwa hajamaliza kutia nanga, maji yakiwa bado magotini, wazee waliokaa kivulini wakaanza kumwuliza habari za ng'ambo, na kila jibu lake lilifuatwa na swali jingine: "Umemwona mwenyewe, au umeambiwa?" Akisema ameambiwa, aliulizwa na nani, na akitajwa mtu anayejulikana kwa kutia chumvi, habari ilipokewa kwa mguno, kisha mazungumzo yakahamia kwenye bei ya unga. Hapakuwa na sheria iliyoandikwa juu ya jambo hilo, lakini aliyeleta uongo alijua kwamba safari ijayo atashukia palepale, mbele ya wazee walewale.

Isidhaniwe kwamba kwa sababu hiyo zama zile zilikuwa njema kuliko hizi. Kwa kuwa Waislamu, ambao ndio wengi katika pwani hiyo, huharakisha kuzika, ndugu waliokuwa Dar es Salaam, Zanzibar au Mtwara mara nyingi walipata habari ya msiba kaburi likiwa limekwisha kufunikwa, na wapo waliokaa na uchungu huo maisha yao yote. Mgonjwa aliyepelekwa bara alitoweka katika masikio ya jamaa zake hadi chombo kingine kirudi. Mtoto aliyefaulu mtihani alijua matokeo yake baada ya wengine kuanza masomo. Mambo haya yanapaswa kukumbukwa kila mtu anaposema kwamba mitandao haina maana isipokuwa umbea.

Faida iliyo dhahiri zaidi imeonekana katika biashara ya pweza. Pweza wa pwani hiyo huvuliwa zaidi wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo ambapo maji hupwa sana na miamba kubaki wazi, na kazi hiyo ni miongoni mwa kazi chache za bahari zinazowaingizia wanawake fedha mkononi, kwa kuwa haihitaji chombo bali kijiti, jicho zuri na miguu inayoujua mwamba. Zamani mnunuzi aliyesimama diko ndiye aliyekuwa ofisi pekee ya bei: alitaja alichotaka, na mwanamke aliyebeba pweza wanaoanza kulegea kwa jua hakuwa na pa kwenda kuuliza. Siku hizi mama huyo, hata kama hajui kuandika vizuri, hushika simu kwa mkono uliokaushwa kwa kanga, akaminya alama ya sauti na kusema, "Shemeji, huko Masoko leo wanachukua kilo kwa ngapi?" Jibu huja kwa sauti ya shemeji anayemfahamu, na hapohapo mazungumzo na mnunuzi hubadilika. Habari ile ina mwenyewe. Shemeji akidanganya atajulikana kabla ya Ijumaa.

Hata hivyo, kuijua bei si sawa na kuweza kuidai. Mwanamke aliyekopeshwa fedha na mnunuzi kabla ya bamvua amekwisha kuuza pweza walio bado mwambani, na asiye na barafu hawezi kungoja mnunuzi wa pili hata kama simu inamwambia kwamba yupo. Wataalamu wa maendeleo wanaotoa mhadhara kwamba simu imemkomboa mvuvi wangefanya vyema kuuliza kwanza habari za barafu na za madeni. Mtandao umeondoa kizuizi kimoja kati ya vingi, na kizuizi hicho kilikuwa kikubwa, lakini vilivyobaki vinahitaji nauli, majokofu na mikopo yenye masharti ya haki.

Mfano huohuo wa pweza unaonyesha pia upande wa pili. Katika pwani ya kusini, Songo Songo ikiwemo, umeanza kutumika utaratibu wa kufunga mwamba, ambapo wanakijiji hukubaliana kuacha kuvua pweza katika eneo fulani kwa miezi kadhaa ili wakue na kuzaana, kisha mwamba hufunguliwa kwa siku maalumu. Kundi sogozi, yaani kundi la watu wanaopokea ujumbe mmoja kwa pamoja katika WhatsApp, limewasaidia walinzi wa mwamba kuitana upesi pindi chombo kisichojulikana kinapoonekana, jambo ambalo zamani lilihitaji mtu kukimbia kijiji kizima. Lakini picha moja tu ya pweza wakubwa waliopangwa mchangani siku ya kufungua, ikirushwa na kijana mwenye furaha yake, hutosha kuwaarifu wavuvi wa dago, ambao ni wavuvi wanaohama na kupiga kambi mbali na kwao kufuata samaki, kwamba kuna mahali pa kuja. Kijana yule hakusema uongo wala hakuvunja sheria. Alisahau tu kwamba picha hiyo, ikishatoka katika kundi la kijiji, haichagui nani aione, na kwamba mali ya pamoja inaweza kuliwa na macho ya watu ambao hawakushiriki kuilinda.

Mwezi Mei 2024 pwani hiyo ilipata mtihani mkubwa wa kutofautisha habari yenye mwenyewe na isiyo na mwenyewe. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilianza mapema kutoa taarifa kuhusu kimbunga kilichopewa jina la Hidaya, kilichokuwa kinakuja kutoka mashariki, na tarehe 4 Mei kimbunga hicho kilifika eneo la Kisiwa cha Mafia, kaskazini kidogo ya Songo Songo, kikiwa na upepo na mvua kubwa. Taarifa zile zilisambaa kwa redio na televisheni, lakini zilisafiri kwa kasi zaidi katika simu za wavuvi, zikiwa na nembo ya mamlaka, tarehe, saa ya kutolewa na majina ya mikoa inayohusika. Nahodha aliyekuwa na mashaka angeweza kulinganisha taarifa ya asubuhi na ya jioni, na vyombo vingi vilivutwa juu mchangani kabla bahari haijachafuka. Ukilinganisha na Desemba 2004, ambapo bahari ilikuja bila kubisha hodi, hatua iliyopigwa katika miaka 20 ni kubwa, na watu wa pwani wana haki ya kuishukuru.

Pamoja na taarifa hizo zilikuja nyingine za aina tofauti. Mwandishi alipokea, kutoka kwa watu waliokuwa na nia njema kabisa, video za mapaa ya mabati yakipeperushwa na minazi ikilala, ambazo maandishi yake yalisema ni Kilwa au Mafia wakati mandhari, lugha ya watu waliosikika na hata maandishi ya magari yalionyesha nchi nyingine. Ujumbe mwingine ulidai kwamba kimbunga kitarudi usiku kwa nguvu maradufu, bila kutaja nani amesema. Madhara ya ujumbe wa namna hiyo hayaishii katika hofu ya usiku mmoja: mtu aliyekimbizwa na uongo mara mbili, mara ya tatu hubaki kitandani, na mara hiyo ya tatu huenda onyo ni la kweli. Kwa hiyo uongo kuhusu hali ya hewa huchota katika akiba ileile ya imani ambayo taasisi ya kweli inaitegemea kuokoa watu.

Siku zilizofuata, mvua na mafuriko yalikata barabara kuu ya Dar es Salaam na Lindi katika eneo la Somanga, na abiria wakakwama pande zote mbili. Katika siku hizo wasafiri waliokwama walikuwa waandishi wa habari bora kuliko wengine wote, kwa sababu kila mmoja alipiga picha mahali alipo, akataja mahali hapo kwa jina, na alikuwa tayari kupigiwa simu na kuulizwa kama magari yameanza kupita.

Inafaa kutazama pia tukio la zamani kidogo, ambalo linaonyesha kwamba chanzo cha uvumi si mtandao peke yake. Mwaka 2013, mjini Mtwara, mpango wa kujenga bomba la kusafirisha gesi hadi Dar es Salaam uliamsha upinzani mkali, na tarehe 22 Mei, siku ambayo bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini iliwasilishwa bungeni, zilizuka vurugu zilizosababisha vifo na uharibifu wa mali. Wakati huo simu janja, yaani simu yenye uwezo wa intaneti, ilikuwa bado mikononi mwa wachache katika mikoa ya kusini. Vipeperushi na maneno ya mdomo yalifanya kazi ambayo leo ingefanywa na kundi sogozi. Bomba lilijengwa na kukamilika mwaka 2015, likiwa na mitambo ya kusafisha gesi Madimba na Songo Songo, lakini maswali ya wananchi kuhusu ajira, huduma na sehemu yao katika mapato hayakuwa uvumi: yalikuwa maswali halali yaliyochelewa kujibiwa kwa lugha ya kueleweka. Penye ukimya wa mwenye habari, asiye na habari husikilizwa. Ofisi ya umma inayolalamikia uzushi wa mitandaoni lazima iulizwe kwanza iliwaambia nini wananchi, lini, na kupitia nani.

Katika madhara mengine, utapeli ndio uliowaumiza watu wengi zaidi kwa uwazi zaidi. Karibu kila Mtanzania mwenye simu amewahi kupokea ujumbe unaosema "ile hela itume kwenye namba hii", ambao hutumwa kwa maelfu ya watu kwa matumaini kwamba miongoni mwao yupo mmoja anayesubiri kweli kutumiwa namba. Mitandao ya kijamii imeuongezea ujanja huo sura ya mtu unayemjua, kwani mhalifu huteka akaunti ya ndugu, akatumia picha yake na jina lake kuomba mkopo wa dharura, na mjomba aliyeko kisiwani hutuma fedha za pweza wa bamvua nzima kwa mtu aliyedhani ni mpwa wake. Hapa habari inaonekana kuwa na mwenyewe ilhali haina, na ndiyo sababu inawashinda hata watu makini. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania imeweka namba 15040 ya kupelekea ujumbe wa kitapeli pamoja na namba iliyoutuma, lakini kinga ya kwanza inabaki ileile ya diko: kumpigia ndugu na kusikia sauti yake kabla ya kutuma chochote. Wanaoona haya kufanya hivyo, wakidhani ni kumtilia shaka jamaa, wanapaswa kuambiwa kwamba jamaa wa kweli hatachukia kuulizwa.

Liko pia jambo la heshima ya wafu na ya familia zao. Chombo kinapochelewa kurudi, majina ya waliomo huanza kutajwa makundini kabla ya utafutaji kukamilika, na imewahi kutokea mke kusoma rambirambi za mumewe katika simu ya jirani, bila mtu yeyote kumjia kumpa mkono na kukaa naye. Desturi ya pwani ilikuwa kwamba habari ya kifo hupelekwa na mtu mzima anayejua namna ya kuisema, tena baada ya kuhakikisha. Kuipeleka kwa kidole gumba, pengine pamoja na picha ya maiti, ni ukatili hata kama aliyefanya hivyo aliongeza maneno ya dua chini yake. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamtishia anayesambaza taarifa za uongo kwa faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeweka misingi ya faragha. Lakini habari ya kifo mara nyingi ni ya kweli, na sheria ya uongo haimfikii aliyeisema vibaya. Jambo hilo limo mikononi mwa wazee, maimamu na viongozi wa makundi.

Malalamiko kwamba vijana wanapoteza muda katika TikTok na Instagram yana ukweli wake, ingawa wazee wanaoyatoa nao huonekana wakitazama video hizohizo. Kijana asiye na kazi atapoteza muda hata bila simu.

Thamani ya kitu huonekana pia kinapoondolewa. Kuanzia tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchini kwa siku kadhaa, na watu wa pwani, kama wenzao wa bara, walikaa bila kujua hali ya watoto wao waliokuwa mijini. Ilionekana wakati huo kwamba kuzima njia si kuponya uvumi, kwa sababu uvumi uliendelea kwa simu za kawaida na kwa midomo ya wasafiri, huku kilichokatika kikiwa uwezo wa kuuhakiki. Serikali yoyote inayojali utulivu ina sababu ya kuacha njia hiyo wazi, hasa katika siku za wasiwasi.

Wenye mitandao nao wamekiri kwa vitendo kwamba kasi ina hatari yake. Mwaka 2019 WhatsApp iliwawekea watumiaji wake wa dunia nzima kikomo cha kusambaza ujumbe kwa watu au makundi yasiyozidi matano kwa mara moja, na mwaka 2020 ujumbe uliokwisha kusambazwa mara nyingi ukaruhusiwa kwenda sehemu moja tu kwa wakati, ukiwa na mishale miwili inayomjulisha mpokeaji kwamba umepita mikono mingi. Alama hiyo ndogo ina manufaa makubwa kwa anayeijua, kwa kuwa inamwambia kwamba aliyemtumia si mwenye habari; lakini wengi wa wanaoipokea kila siku hawajawahi kuelezwa maana yake.

Kwa hiyo viongozi wa makundi sogozi ya Songo Songo, Somanga, Kivinje na Masoko wanaombwa kuweka sharti moja tu na kulisimamia bila kumwonea mtu: anayeleta tangazo la hali ya hewa, la msiba, la kazi au la fedha ataje amelipata kwa nani na lini, na asiyeweza kutaja aliondoe. Ofisi za vijiji nazo zinaombwa kubandika pale diko, kwenye ubao unaoonekana na asiye na simu wala bando, kila taarifa rasmi ikiwa na tarehe, jina la ofisi iliyoitoa na namba ya kupiga kuuliza.